Kutoka Fimbo Nyeupe hadi Fimbo ya Kielektroniki: Historia ya Vifaa vya Kutambua Vikwazo kwa Watu Wasioona, 1897–2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya fimbo za kielektroniki na vifaa vinavyokaribiana nazo, vilivyobuniwa ili kuwasaidia watu wasioona kutambua vikwazo njiani. Uchunguzi unaanzia kwenye majaribio ya mwishoni mwa karne ya 19 na kuishia kwenye fimbo zinazounganishwa na simu. Hoja kuu ni kwamba vifaa vilivyokusudiwa kuiondoa fimbo ya kawaida mkononi mwa asiyeona vilishindwa kuenea, ilhali vilivyoiacha fimbo mahali pake na kuiongezea jambo moja isiloliweza vilipata watumiaji. Makala yanaonyesha pia kwamba historia ya kifaa hiki haitenganishiki na historia ya haki ya asiyeona kutumia barabara.

1.0 Utangulizi

Mtu asiyeona anapotembea barabarani huhitaji kujua mambo matatu kwa wakati mmoja: kilichopo mbele ya mguu wake, kilichopo mbele ya kichwa chake, na mahali ambapo ardhi inakatika. Fimbo ya kawaida humjibu la kwanza na la tatu kwa uhakika mkubwa. Kuhusu la pili, fimbo haina neno. Ncha yake hupita chini ya tawi lililoinama, chini ya dirisha lililofunguliwa kwa nje, na chini ya bodi ya lori lililoegeshwa kando ya njia. Mwenye fimbo hupata habari za vitu hivyo vinapomgonga usoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Roberto Manduchi na Sri Kurniawan wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, waliwahoji watu zaidi ya 300 wasioona au wenye uoni hafifu sana. Asilimia 13 ya waliohojiwa walieleza kwamba hupata ajali ya kugongwa kichwani walau mara moja kwa mwezi.

Pengo hilo la kuanzia kiunoni hadi kichwani ndilo lililowavuta wanasayansi na wahandisi kwa zaidi ya karne moja. Mara nyingi kazi yao husimuliwa kama ngazi: kila kizazi kilipanda kipandio kimoja, kutoka fimbo ya mti hadi mwale wa leza, na kutoka leza hadi setilaiti. Usimulizi wa namna hiyo una kasoro moja kubwa. Hauelezi kwa nini, baada ya vipandio vyote hivyo, watu wengi wasioona duniani bado hutembea na fimbo isiyo na betri. Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kufuatilia vifaa vyenyewe, watu waliovibuni, na mahitaji waliyodhani wanayatimiza.

2.0 Kabla ya elektroniki: mwanga, rangi na sikio

2.1 Majaribio ya seleniamu

Jaribio la mwanzo linalotajwa sana ni la Kazimierz Noiszewski, daktari wa macho wa Kipolandi, ambaye mwaka 1897 alitengeneza chombo alichokiita Elektroftalm. Chombo hicho kilitumia seleniamu, kitu ambacho uwezo wake wa kupitisha umeme hubadilika kulingana na mwanga unaokiangukia. Hivyo basi, tofauti ya mwanga na giza iligeuzwa kuwa ishara iliyoweza kuhisiwa bila macho. Mwaka 1912, Edmund Fournier d'Albe wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alitumia kanuni hiyohiyo katika chombo chake cha kutafutia mwanga kwa njia ya sauti.

Vyombo vyote viwili vilionyesha kwamba hisia moja inaweza kubebeshwa kazi ya nyingine. Hata hivyo, viliambia mahali penye dirisha au taa, na aliyezoea chumba chake hakuhitaji mashine kumwonyesha dirisha lilipo. Fournier d'Albe mwenyewe aliligeuza wazo lake kuelekea usomaji wa maandishi ya chapa. Kosa lililojitokeza hapo, yaani kuanza na kile ambacho mashine inaweza kukifanya kabla ya kuuliza asiyeona anakosa nini, lingerudiwa mara nyingi.

2.2 Rangi nyeupe kwa ajili ya wanaoona

Fimbo yenyewe ni ya kale kuliko kumbukumbu zilizoandikwa, bali weupe wake ni wa karne ya 20, na ulizaliwa na motokaa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, Uingereza, mpiga picha aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe kwa kuhofia magari yaliyozidi kuongezeka karibu na nyumba yake. Mjini Paris, Guilly d'Herbemont alianzisha kampeni ya kuwapatia wasioona fimbo nyeupe, na tarehe 7 Februari 1931 fimbo za kwanza zilikabidhiwa rasmi. Nchini Marekani, klabu ya Lions ya Peoria, Illinois, ilihimiza jambo hilohilo, na mwaka 1930 mji huo ukapitisha sheria ndogo iliyompa mwenye fimbo nyeupe haki ya kupishwa anapovuka barabara.

Ikumbukwe kwamba rangi nyeupe haimwambii asiyeona lolote. Inamwambia dereva. Fimbo nyeupe ya miaka ya 1930 ilikuwa fupi, ikishikwa kwa kuinamishwa mbele ya mwili, na kazi yake kubwa ilikuwa kumtangaza aliyeibeba. Tangu hapo fimbo ilikuwa na majukumu mawili: kuwa ishara kwa wengine na kuwa chombo cha mwenyewe. Wahandisi waliofuata walilishughulikia jukumu la pili, na aghalabu walilisahau la kwanza.

2.3 Ugunduzi wa Cornell

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba baadhi ya wasioona huhisi ukuta kwa ngozi ya uso kabla ya kuugusa. Mwaka 1944 Michael Supa, Milton Cotzin na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoondoa shaka hiyo. Supa mwenyewe hakuwa akiona. Wahusika wa majaribio, wasioona na wanaoona waliofungwa macho, walitembea kuelekea kizuizi katika hali mbalimbali: wakiwa na viatu juu ya sakafu ngumu, wakiwa na soksi juu ya zulia, wakiwa wamefunikwa uso, na wakiwa wamezibwa masikio. Uso ulipofunikwa, uwezo ulibaki. Masikio yalipozibwa, walikigonga kizuizi. Katika hatua ya mwisho, mhusika aliketi chumba kingine na kusikiliza kwa vipokea sauti nyayo za mjaribu aliyekuwa akitembea. Hata hivyo aliweza kutambua mjaribu huyo alipoukaribia ukuta.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee katika mjadala huu. Yalithibitisha kwamba asiyeona hakuwa mtu anayesubiri kupewa njia ya kutambua vikwazo, alikwishakuwa nayo. Mwangwi wa nyayo na wa ncha ya fimbo ulikuwa ukimpasha habari kila hatua. Chombo chochote ambacho kingeyajaza masikio yake milio kingemnyang'anya kitu kabla ya kumpa kingine.

3.0 Vita Kuu ya Pili ya Dunia na njia mbili zilizoachana

Vita viliwarudisha nyumbani vijana wengi waliopoteza macho, nao hawakuwa tayari kuketi. Nchini Marekani mwitikio wa hali hiyo ulichukua njia mbili kwa wakati mmoja, na tofauti ya njia hizo ndiyo kiini cha historia yote iliyofuata.

Njia ya kwanza ilifunguliwa katika Hospitali Kuu ya Jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania. Richard Hoover, sajenti aliyewahi kufundisha katika shule ya wasioona ya Maryland, aliona kwamba fimbo fupi haikufaa kwa mwendo wa kijana mwenye nguvu. Alipendekeza fimbo ndefu na nyepesi, inayofika karibu na kifua cha mwenyewe, na akaweka utaratibu wa kuitumia: fimbo huyumbishwa kushoto na kulia kwa upana wa mabega, ncha ikigusa pale ambapo mguu unaofuata utakanyaga. Mguu wa kulia unapotangulia, ncha huwa kushoto, na kinyume chake. Kwa utaratibu huo kila hatua hukaguliwa kabla ya kupigwa. Mwaka 1948 mafunzo hayo yalipata makao ya kudumu katika hospitali ya askari wa zamani ya Hines, Illinois, chini ya Russell Williams, ambaye naye alipoteza macho vitani.

Njia ya pili ilifunguliwa na wanasayansi. Mwaka 1944 iliundwa Kamati ya Vifaa vya Hisi, ikiongozwa na George Corner, ili elimu ya rada na sonari iliyokuzwa na vita iwanufaishe wasioona. Kikosi cha Mawasiliano cha jeshi kilitengeneza chombo cha kushikwa mkononi kama mkoba, kilichorusha mwale wa mwanga mbele na kukadiria umbali kwa pembe ambayo mwanga ulirudi nayo. Uchunguzi wa chombo hicho ulikabidhiwa Chuo cha Haverford, Pennsylvania, chini ya Thomas Benham, mwanafizikia asiyeona.

Kazi ya Haverford ilibainisha tatizo lililowashughulisha wahandisi kwa miongo iliyofuata. Kutambua nguzo iliyo mbele ni jambo jepesi: nguzo hurudisha mwale. Kutambua shimo ni kazi ngumu, kwa kuwa shimo ni ukosefu wa kitu, na chombo kinapaswa kufasiri kimya. Nguzo ikikosewa, mtu huumia paji la uso. Shimo likikosewa, anaweza kuvunjika mguu au kufa. Fimbo ya Hoover ililitatua tatizo hilo bila waya hata mmoja, kwa sababu ncha isipokuta ardhi mkono hujua papo hapo.

4.0 Popo, mwangwi na mjadala wa wingi wa habari

Msukumo wa hatua iliyofuata ulitoka kwa popo. Katika miaka ya 1790 Lazzaro Spallanzani wa Italia alionyesha kwamba popo aliyepofushwa huruka bila kugonga vitu, na Louis Jurine wa Geneva akaonyesha kwamba popo aliyezibwa masikio hugonga. Sababu haikujulikana hadi Donald Griffin na Robert Galambos wa Harvard walipothibitisha, kuelekea mwaka 1940, kwamba popo hutoa sauti nyembamba kupita uwezo wa sikio la binadamu na kusikiliza mwangwi wake. Sauti ya aina hiyo ndiyo inayofahamika hospitalini kwa jina la altrasaundi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kueleza. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 3 mbele, sauti husafiri mita 6 kwenda na kurudi, na mwangwi hupokelewa baada ya takriban sehemu 18 za elfu moja za sekunde. Chombo kinachopima muda huo kinajua umbali. Kilichobaki ni kuamua jinsi ya kumwambia mwenyewe, na katika uamuzi huo wabunifu wawili wa miaka ya 1960 walitofautiana kabisa.

Leslie Kay, mhandisi aliyeanzia Uingereza na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, alitaka asiyeona apewe habari nyingi kadiri iwezekanavyo. Tochi yake ya sauti ilitoa altrasaundi inayobadilika wimbi mfululizo, na kifaa kililinganisha sauti inayotoka na inayorudi. Tofauti ya hizo mbili ilisikika kama mlio: kitu kilicho mbali kilitoa mlio mwembamba, na kadiri kilivyokaribia mlio ulizidi kuwa mzito. Jani la mti, ukuta laini na nguzo ya chuma vilitoa milio ya tabia tofauti. Baadaye Kay aliweka mfumo huo ndani ya miwani yenye masikio mawili ya umeme, ili upande wa kitu nao usikike. Miwani hiyo iliuzwa miaka ya 1970 kwa jina la Sonicguide.

Lindsay Russell wa Marekani alishika msimamo ulio kinyume. Kifaa chake, Pathsounder, kilining'inizwa shingoni na kukaa kifuani. Njia ikiwa wazi, kilinyamaza. Kikitokea kitu mbele kilitoa ishara moja, na kitu hicho kikifika karibu na mkono kilitoa nyingine. Hakikujaribu kueleza kitu hicho ni nini. Aliyekivaa aliendelea kutumia fimbo yake kwa mambo ya chini, na kifaa kikalinda kifua na kichwa.

Tofauti ya wawili hao haikuwa ya ufundi pekee. Kay alimwona asiyeona kama msikilizaji anayeweza kujifunza lugha mpya. Russell alimwona kama msafiri mwenye shughuli ambaye hataki kusumbuliwa isipokuwa kuna hatari. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Waliojifunza Sonicguide kwa bidii waliweza kutofautisha vitu kwa namna ya kushangaza, lakini mafunzo yalihitaji muda mrefu na mkufunzi mahsusi, na milio ilishindana na sauti za barabarani zilezile ambazo asiyeona huzitegemea. Pathsounder ilijifunzwa upesi, lakini ilisema machache. Swali walilolizua lingali hai: je, kifaa bora ni kinachosema mengi au kinachojua wakati wa kunyamaza?

5.0 Fimbo ya leza

Kubuniwa kwa leza mwaka 1960, na hasa kupatikana kwa leza ndogo za kitambo nusu-kipitishi mwaka 1962, kulirudisha matumaini ya Haverford. Kampuni ya Bionic Instruments ya Pennsylvania, ikiongozwa na J. Malvern Benjamin na kugharimiwa na idara ya serikali ya askari wa zamani, iliunda mfululizo wa fimbo za leza zilizofikia umbo la kutumika katika miaka ya 1970.

Fimbo hiyo ilirusha miale mitatu isiyoonekana. Mwale wa juu ulilinda kichwa, na ukikuta kitu ulitoa mlio mwembamba. Mwale wa kati ulitazama mbele na kutetemesha kitufe chini ya kidole cha shahada. Mwale wa chini uliielekea ardhi hatua kadhaa mbele, na ulipokosa kurudi, yaani ardhi ilipokatika, ulitoa mlio mzito. Kwa mara ya kwanza maswali yote matatu yaliyotajwa mwanzoni mwa makala haya yalijibiwa na chombo kimoja. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba chombo chenyewe kilikuwa fimbo. Betri ikiisha, mwenyewe aliendelea na safari kama alivyofundishwa.

Pamoja na ubora huo, fimbo ya leza haikuenea. Bei yake ilihesabiwa kwa maelfu ya dola, hivyo wengi walioipata ni wale waliolipiwa na serikali au taasisi. Ilikuwa nzito kuliko fimbo ndefu ya kawaida, na mkono unaoyumbisha fimbo mchana kutwa huhesabu kila gramu. Kioo cha mlango kingeweza kuupitisha mwale bila kuurudisha. Aidha, fimbo ni chombo kinachogongwa, kukanyagwa na kunaswa katika nyufa. Kuweka elektroniki za thamani ndani ya kitu ambacho kazi yake ni kugonga vitu kulikuwa na gharama isiyoonekana katika karatasi za maabara.

6.0 Kuelekea vifaa vya bei nafuu

Mabadiliko yaliyofuata yalitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1978 kampuni ya Polaroid ilianza kuuza kamera iliyopima umbali kwa altrasaundi ili kurekebisha lenzi. Kihisi cha kamera hiyo kilipatikana kwa bei ndogo, na wabunifu wa roboti na wa vifaa vya wasioona wakakichukua. Miongoni mwa matokeo ya kipindi hicho ni GuideCane ya Iwan Ulrich na Johann Borenstein wa Chuo Kikuu cha Michigan, iliyotangazwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa na magurudumu na safu ya vihisi. Ilipotambua kikwazo iliyageuza magurudumu, na mwenyewe akaongozwa mkononi kukizunguka. Wazo lilikuwa zuri, lakini kifaa chenye magurudumu hakibebwi kwa wepesi ngazini wala kukunjwa ndani ya basi.

Katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, utafiti wa mwangwi wa popo ulizaa UltraCane mwanzoni mwa karne ya 21. Vihisi viwili viliwekwa katika mpini, kimoja kikitazama mbele na kingine juu, na ishara zilitolewa kwa vitufe vinavyotetemeka chini ya kidole gumba. Hapo mjadala wa Kay na Russell ulipata suluhu ya sehemu: sikio liliachiwa barabara, na mkono ukapewa habari za vikwazo.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya nchi zenye kipato kidogo ni wa India. Mwaka 2005 wanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya India, Delhi, akiwamo Rohan Paul, walianza mradi chini ya M. Balakrishnan na P. V. M. Rao baada ya kuzungumza na wasioona wa mji huo kuhusu ajali zinazowapata. Walichokisikia ni kile ambacho fimbo haikisemi: matawi, vibao na magari yaliyoegeshwa. Kifaa kilichotokana nao, SmartCane, kilizinduliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na kampuni ya Phoenix Medical Systems na shirika la Saksham, kwa ufadhili wa Wellcome Trust. Kilikuwa mpini unaochomekwa juu ya fimbo nyeupe ya kukunja, kikihisi vitu vya kuanzia magotini hadi kichwani katika umbali wa hadi mita 3, na kuonya kwa mitetemo. Kiliuzwa kwa takriban rupia 3,000, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na vifaa vya nchi za Magharibi vya wakati huo.

Uamuzi wa kukifanya kifaa kichomolewe unastahili kuzingatiwa. Fimbo ikivunjika, hununuliwa nyingine kwa bei ya fimbo, na sehemu ya elektroniki hubaki. Kikiharibika kifaa, fimbo hubaki. Ubunifu wa namna hiyo unatokana na kuyajua maisha ya mtumiaji kwa karibu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa WeWALK ya Uturuki, iliyovuma mwaka 2019. Kürşat Ceylan, mmoja wa waasisi wake, haoni. Mpini wake huhisi vitu vilivyo juu ya kiuno na huunganishwa na simu janja, ili aliyeshika fimbo kwa mkono mmoja asilazimike kuishika simu kwa mwingine.

7.0 Mjadala: kikwazo ni cha nani?

Historia iliyoelezwa hadi hapa inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba tatizo liko kati ya asiyeona na chombo chake. Kesi moja iliyoamuliwa Uingereza inaonyesha upande wa pili. Asubuhi moja ya mwaka 1956, mtu asiyeona aitwaye Haley alikuwa akienda kazini jijini London kwa njia aliyoizoea, akitumia fimbo nyeupe. Wafanyakazi wa bodi ya umeme walikuwa wamechimba mtaro njiani, na badala ya kizuizi cha kawaida waliweka nyundo ndefu kwa mshazari, upande mmoja ukiegemea reli na mwingine ukiwa chini. Mtu anayeona angeiona. Fimbo ya Haley haikuigusa. Alijikwaa, akaanguka, na kutokana na anguko hilo akapoteza uwezo wa kusikia.

Mahakama za chini zilimnyima haki. Mwaka 1964 Baraza la Malodi, likiwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, liligeuza uamuzi. Lilizingatia ushahidi kwamba takriban mtu mmoja kati ya 500 hakuwa akiona, kwamba wasioona hutembea peke yao mijini kwa kawaida, na kwamba anayechimba njia anapaswa kuwatarajia. Mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitangaza tarehe 15 Oktoba kuwa Siku ya Usalama wa Fimbo Nyeupe. Miaka miwili baadaye Jacobus tenBroek, mwanasheria asiyeona na profesa wa Berkeley, alichapisha makala kuhusu haki ya kuishi duniani, akidai kwamba sheria ya madhara imchukulie asiyeona kuwa mtumiaji halali wa barabara, si mgeni anayejihatarisha.

Hukumu ya Haley inaipa historia ya fimbo ya kielektroniki kipimo chake. Kihisi cha altrasaundi huenda kingemwonya Haley kuhusu nyundo ile, na kwa hilo pekee kazi ya wabunifu ina thamani. Hata hivyo, endapo jamii itaanza kudhani kwamba kila asiyeona ana wajibu wa kubeba kihisi, lawama ya ajali itahama kutoka kwa aliyeacha mtaro wazi na kwenda kwa aliyetumbukia. Kwa Tanzania na Kenya, zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, na zilizoridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, jambo hili si la nadharia. Ibara ya 20 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kurahisisha upatikanaji wa vifaa bora vya kutembelea kwa gharama nafuu, na Ibara ya 9 inazitaka kuondoa vizuizi katika mazingira. Ibara hizo mbili zinakwenda pamoja. Fimbo yenye kihisi haifuniki mtaro.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia safari ya vifaa vya kutambua vikwazo kutoka seleniamu ya Noiszewski hadi mipini inayounganishwa na simu. Mambo matatu yamejitokeza. Kwanza, kila kizazi kilipoanza na uwezo wa mashine, kilitengeneza kitu kilichosifiwa maabara na kuachwa kabatini. Kilipoanza na pengo lililotajwa na wasioona wenyewe, kilitengeneza kitu kilichobebwa. Pili, ishara ilihama hatua kwa hatua kutoka sikioni kwenda mkononi, jambo ambalo lingeweza kutabiriwa na yeyote aliyeyapa uzito matokeo ya Cornell ya mwaka 1944. Tatu, bei, uzito, urahisi wa kutengenezwa na mafunzo viliamua hatima ya kifaa zaidi ya uhodari wa vihisi vyake.

Fimbo ya Hoover imedumu kwa sababu humpa mwenyewe habari za kweli kuhusu ardhi, kwa gharama ndogo, bila kuyaziba masikio yake, na kwa sababu weupe wake huendelea kuwaambia wengine kwamba barabara ni yake pia. Kifaa cha kielektroniki kinachoyaheshimu mambo hayo kina nafasi yake juu ya mpini. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu jinsi wasioona wa Afrika Mashariki wanavyoipata, wanavyoitengeneza na wanavyoifundishana fimbo nyeupe, kwa kuwa hakuna kifaa kitakachoifaa njia ambayo mbunifu wake hajawahi kumuuliza anayeipita.